Uso Kinywani mwa Mnyama

Mbele ya mlango pana njia, na nyuma ya mlango pana kiza chenye harufu ya nta. Lakini kinachotawala ni kile kilicho juu ya mlango. Nimeishi miaka themanini, au huenda ni siku nane ndefu, katika nchi hii ya mvua nyembamba ambako kengele hulia kwanza ndipo mtu aivute kamba, na katika muda huo wote nimelishika jambo moja bila kuliachia: binadamu hatawaliwi na kilicho mbele yake. Kilicho mbele yake atakizunguka, atakipiga teke, atakizoea. Hutawaliwa na kile ambacho hana budi kuinua shingo ili akione.

Jiwe letu lina umbo la mwezi uliokatwa katikati, na limekaa juu ya mlango wa kusini wa kanisa letu; kila kanisa la mabonde haya lina lake. Upande mmoja amechongwa mwanakondoo aliyebeba msalaba. Sijapata kumwona mtu akimtazama. Upande wa pili yupo mnyama. Hana jina. Kichwa chake ni cha mbwa, mwili wake ni wa samaki, na mkia wake huchipua majani ambayo, ukiyafuata kwa kidole, hugeuka kuwa mkia tena, hata usijue kiumbe huyu anaanzia wapi kujila. Kinywa kimefumbuliwa. Ndani ya kinywa mna uso mmoja wa binadamu, nao lazima uwe wa mtu aliye hai.

Ndiyo sheria. Baridi hula mawe kama mchwa alavyo boriti, na kila uso unapolika kiasi kwamba hata mama wa aliyechongwa asingeutambua, jiwe jipya huchongwa na uso mpya hutafutwa. Baraza la watu saba huamua ni nani. Padri humnong'onezea fundi jina hilo mara moja, sikioni, na baada ya hapo wote wanaolijua hufungwa na kiapo wasilitamke. Fundi huchonga. Jiwe hupandishwa likiwa limefunikwa turubai, turubai huvutwa, na watu waliosimama chini huinua nyuso zao na kulitaja jina wanaloliona. Vinywa vitatu vikitaja jina moja, imekwisha. Baraza limeamua lakini halikusema. Fundi amechonga lakini hakuhukumu. Umma umesema lakini haukuamua. Utautafuta mkono uliotenda, nawe hutauona. Wazee wetu walikuwa na akili.

Wala hauawi mtu kwetu. Sisi ni watu wa sheria. Aliyechongwa haamkiwi tu. Akisalimu haitikiwi, hapewi moto, hauziwi chumvi, na anayemwitikia salamu humfuata katika hali hiyohiyo. Kwa kawaida katika wiki ya tatu huondoka kwa miguu yake mwenyewe kuelekea kinamasini, na harudi. Wageni wametuuliza mara nyingi, nasi tumewajibu mara zote: hakuna aliyemsukuma.

Je, hatia huzaliwa na tendo, au huzaliwa na jicho? Nililiweka swali hili mezani kila asubuhi pamoja na tindo na nyundo, na kila jioni nililifunga pamoja nazo, likiwa halijachakaa.

*

Padri Anaklito alikuja karakanani siku ambayo theluji ilikuwa imeacha kuanguka na kuanza kupanda. Nilimfundisha alfabeti mtu huyu, tena kwa fimbo, na bado husimama mbele yangu kama anayeogopa kuulizwa herufi. Aliinama.

"Nahori," akaninong'oneza.

"Kwa lile jiwe la mpaka?"

"Kwa lile jiwe la mpaka."

Nilifurahi. Ni vema kuandika ukweli huo, kwa kuwa furaha hiyo ilikuwa ya haki. Nahori alikuwa jirani ya mjane mmoja, na kila masika alilisogeza jiwe la mpaka hatua moja, hatua moja tu, hata mjane akabaki na kishamba ambacho kuku asingeweza kugeukia. Mjane alikufa wakati wa Kwaresima, na haikuwa kwa kufunga. Mtu aliyeua kwa jiwe, na auawe kwa jiwe: hivyo nilijisemea, kisha nikajisahihisha, maana kwetu hauawi mtu.

Nilikuwa nimekwisha kuchonga milango kumi na tisa katika mabonde haya. Chini ya kila jiwe, pembeni, mna alama yangu: pembetatu yenye mkia. Mara kumi na tisa turubai lilivutwa, na mara kumi na tisa jina lililotajwa lilikuwa lile nililonong'onezwa. Hakuna fundi mwingine awezaye kusema hivyo. Walionitangulia walikuwa na makosa yao, na sheria imewawekea njia. Fundi peke yake ndiye awezaye kusema, "Nimekosea." Akilitamka neno hilo jiwe hushushwa, aliyetajwa huachwa huru, na alama ya fundi hukwanguliwa kutoka kila mlango aliopata kuuchonga. Hapigwi, hafungwi. Hubaki na mikono yake yote miwili na hakuna anayejua ni ya nani.

Mjukuu wangu Damari alikuwa akikaa mlangoni mwa karakana akisokota sufu, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na mwanga. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiye peke yake aliyesalia katika nyumba yangu baada ya tauni kupita mara mbili, mara ya pili ikipita kabla ya ile ya kwanza.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu alipojua kwamba neno hilo huniudhi, "leo wamchonga nani?"

"Si kazi ya masikio yako."

"Basi mchonge mrembo. Mnyama mwenyewe amechoka kula wanaume wenye ndevu."

"Sokota sufu yako."

"Nasokota. Ulimi haushiki uzi."

Nilimkemea. Alicheka, na alipocheka shavu lake la kushoto liliingia ndani kama lililobonyezwa kwa kidole gumba. Sikumtazama. Nasema sikumtazama, na bado mkono nao una macho yake, na kwa miaka ishirini na sita mkono wangu ulikuwa umefanya kazi mbele ya shavu hilo.

Siku ya nne, ambayo pia ilikuwa ya kwanza, alikuja Tadei. Tulijifunza kazi kwa bwana mmoja, na tulilala mkeka mmoja tukiwa wanagenzi. Kisha yeye akaanguka kutoka jukwaani na nyonga yake ikageuka kuwa ya mtu mwingine, na tangu hapo amekuwa mtu wa kutazama kazi za wenzake na kucheka. Alilizunguka jiwe langu kwa fimbo yake.

"Umelisimamisha wima," akasema.

"Naona."

"Usawa wa macho yako."

"Naona, Tadei."

"Huyo atatazamwa kutoka chini, mwenzangu. Mwinamishe. Paji lije mbele, kidevu kirudi nyuma. Hayo ni mafunzo ya siku ya kwanza."

"Mafunzo ya siku ya kwanza ni ya wanaoanza."

"Na sisi tumemaliza lini? Nijulishe, nikalale."

"Uso huu nimeupima kwa bikari, unywele kwa unywele. Nikiinamisha paji, nimedanganya paji. Ukweli hauinamishwi."

Tadei alimtazama Damari, naye Damari alimpandishia nyusi, na nikajua kwamba wawili hao walikuwa wakinicheka kwa lugha yao isiyo na maneno. "Haya," akasema Tadei. "Ukweli hauinami. Lakini ukianguka usiniangukie mimi, nimebakiwa na nyonga moja."

Nikachonga. Kuna saa ambapo mchonga mawe hajui kama yeye ndiye anayemfumbua mnyama kinywa au mnyama ndiye anayemfumbua yeye. Vumbi jeupe huingia puani na kukaa, mtu akawa jiwe kwa ndani huku jiwe likianza kupumua kwa nje. Nilimchonga Nahori kwa paji lake refu, kwa shavu lake lililobonyea kwa ubahili, kwa chunjua iliyo kando ya pua. Nilimchonga hata nikamchukia kidogo kidogo, tindo kwa tindo, na chuki hiyo ilikuwa safi kama maji ya kisima. Hakuna kitu safi kama chuki iliyopewa kibali.

*

Jumapili walilipandisha. Roda zililia, kamba zikakaza, nami nilikuwa juu ya jukwaa nikiliongoza jiwe kwa viganja vyangu hadi likakaa mahali pake kama jino. Watu walijaa uani, pumzi zao zikipanda. Nahori alikuwa miongoni mwao akitafuna mkate. Damari alisimama mbele kabisa, na Tadei ukutani.

Padri Anaklito alivuta turubai.

Kuna ukimya ninaoupenda. Ni ule wa watu wanaotafuta, wakijaribu nyuso moja moja kama mtu anavyojaribu funguo, hadi mmoja anapogeuka na kufungua. Niliungoja. Ukaja mwingine. Huu ulikuwa ukimya wa watu ambao hawakuhitaji kutafuta.

"Ni Damari," alisema Mama Perpetua, mwoka mikate, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba vazi lake limechanika nyuma.

"Damari wa fundi," akasema mwanamume mmoja, na mwingine akacheka akidhani ni mzaha, kisha akainua macho na kuacha kucheka.

Kinywa cha tatu kilichelewa, na kilipokuja kilikuwa cha Nahori. Alimeza mkate wake kwanza. Alilitazama jiwe kwa makini, kama mtu mstaarabu aliyeombwa maoni.

"Hata mimi," akasema, "naona Damari."

Nilijua kabla sijajua. Mbele yangu, usawa wa macho yangu, palikuwa na Nahori, na si mwingine. Chunjua ilikuwepo, ubahili ulikuwepo. Lakini ukingo wa juu wa jiwe huchomoza kiganja kizima. Kwa aliye chini kivuli cha ukingo huo kililila lile paji refu na kuacha paji fupi. Kidevu kilichokuwa nyuma kikaja mbele na kuwa mviringo. Chunjua ilizama katika kivuli cha pua. Na lile shavu lililobonyea, mwanga wa kusini ulipoligusa, likacheka. Nilikuwa nimechonga watu wawili kwa uso mmoja, mmoja kwa ajili ya mahali ambapo hasimami mtu, na mmoja kwa ajili ya dunia nzima.

Kisha Damari akacheka. "Jamani," alisema, akiwageukia watu, "mume wangu amezidiwa na mapenzi." Hakuna aliyecheka naye. Aliwatazama mmoja mmoja, na nikaona jinsi kicheko kinavyoondoka usoni: hakiondoki chote, hubaki kipande kidogo pembeni mwa mdomo ambacho hakijapata habari.

Sheria humtaka Padri aulize mara tatu.

"Fundi," akasema Padri Anaklito, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto aliyeogopa herufi, "jiwe ni sahihi?"

Nilipangusa vumbi ukingoni mwa jiwe.

"Sema neno moja tu, mwenzangu," alisema Tadei kutoka ukutani. "Nitakwangua mimi mwenyewe. Polepole. Hutasikia hata mlio."

"Fundi. Jiwe ni sahihi?"

"Babu," alisema Damari, na hakuniita mume wake. "Shuka. Njoo usimame hapa niliposimama, utazame."

"Naona kutoka hapa."

"Hapo hasimami mtu ila wewe, babu."

Ninajua mtakavyosema. Mtasema ni kiburi. Mtasema mzee alizipenda pembetatu zake kumi na tisa kuliko mfupa wa mfupa wake. Laiti ingekuwa hivyo. Kiburi ni kitu kidogo, mtu hukitema. Nisikilizeni. Nikisema nimekosea katika wa ishirini, ni nani atakayesema sikukosea katika wa kumi na tisa? Na wa kumi na nane? Yule msichana wa bonde la juu, aliyekaa wiki tano badala ya tatu kwa sababu hakuelewa, aliyekuwa akisimama dirishani kwetu akisalimu, akisalimu: je, jina lake liliponong'onezwa na jina lake lilipotajwa, yalikuwa jina moja, au niliyasikia kuwa moja? Neno langu moja lingefungua kinamasi. Wangetoka wote kumi na tisa, wenye matope, na kila mmoja angekuwa na salamu yake mkononi inayodai kuitikiwa. Na nyinyi mliowataja, vinywa hamsini na saba, mngelala wapi? Jiwe likikosea mara moja, halijapata kusema kweli. Mtu mmoja ni bei gani mbele ya ...

Hapana. Sitalimaliza wazo hilo. Lilikuwa zuri mno, na lilikuja haraka mno, kama mtumishi aliyekuwa akisubiri nyuma ya pazia.

Fikirini badala yake niliyoyaona. Niliona mikono yangu. Ilikuwa imeshika bikari. Ilikuwa mikono ya bwana wangu, na ya bwana wa bwana wangu, na chini yake, mbali, palikuwa na uso mdogo ulioinuliwa kunitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilielewa jinsi watu wanavyoonekana na mnyama.

"Fundi," akasema Padri. "Kwa mara ya tatu. Jiwe ni sahihi?"

"Ni sahihi," nilisema.

Padri alifumba macho. Alilijua jina la kweli. Lakini kiapo ni kiapo, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, kwa fimbo.

*

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na maandalizi yangu yakapotea bure. Aliinama akaokota kitambaa chake, akajifunga, kisha akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wa wale kumi na tisa aliyelifanya siku hiyohiyo ya kwanza: alianza kuwaamkia.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Perpetua, ambaye alimlisha mikate ya moto tangu hajaota meno. Mama Perpetua alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

Midomo ya Padri ilitikisika. Umbo la "milele" lilikuwepo, nililiona; sauti haikuwepo.

Akapita kwa kila mmoja. Alimwamkia hata Nahori, na Nahori, kwa heshima kubwa, alivua kofia na kutazama pembeni. Uwanja mzima ulikuwa umejaa salamu zilizolala chini kama nguo ambazo mwenyewe hakuja kuzianua. Mwishowe alisimama chini ya jukwaa, akainua shingo.

"Shikamoo, babu."

Neno la kujibu ni jepesi. Mtoto hulijua akiwa mgongoni mwa nyanya yake, kabla ya kujua kutembea. Lilikuwa limenijaa kinywani, lina joto, lina ladha ya chuma. Nilibana meno. Nilihesabu pumzi zangu, na katika kila pumzi alikuwa bado pale, shingo yake imeinuliwa, anangoja. Na nasema mbele ya Mungu kwamba angengoja hadi usiku.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Ilikuwa sauti ya Tadei. Salamu haikuwa yake. Aliiokota.

Watu walirudi nyuma kutoka kwake kama maji yanavyorudi kutoka kwa jiwe lililotupwa. Yeye alijikongoja kutoka ukutani, akapita katikati yao, akampa Damari mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa na fimbo.

"Nyonga hiyo itafika?" Damari akamuuliza.

"Haitafika. Lakini kuondoka itaondoka."

"Utanichelewesha, babu Tadei."

"Una haraka ya kwenda wapi, mwanangu? Kinamasi hakifungwi mapema."

Nilimsikia Damari akicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, chenye maji ndani yake, lakini kilikuwa kicheko, na hakikuwa changu. Walipita lango la kondoo, wakafuata ukuta wa mawe makavu, na nikawatazama hadi wakawa nukta mbili, kisha moja. Hakuna aliyewasukuma.

Ndipo niliposhuka. Ngazi ya jukwaa ina vipandio kumi na vinne, na nilishuka vyote kwa utaratibu. Theluji ilikuwa bado ina nyayo za Damari pale aliposimama. Niliweka miguu yangu ndani yake, nikainua shingo, nikatazama.

Alikuwa yeye. Alikuwa yeye kuliko alivyopata kuwa yeye katika mwili. Na kilichonijia kwanza, kabla ya huzuni, kabla ya hofu, kabla ya jina lake, kilikuwa hiki: kwamba shavu limetoka vizuri. Nilisimama nikilisifu. Katika maisha yangu yote sikupata kuchonga kitu kilicho hai namna ile, na moyo wangu ulipiga kwa nguvu kama wa kijana aliyekabidhiwa kazi yake ya kwanza.

Watu walikuwa wakiingia kusali. Nahori alikuwa ameushika mlango ili mimi, kwa umri wangu, nipite mbele yake.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," nikamjibu.